Meza ya Kwanza Juu ya Mfereji

Aliyekosa gazeti la juma lililopita hakukosa jambo la kufurahisha, kwa hiyo nitafupisha.

Mimi ni Muamba Ntumba, umri miaka arobaini na sita, mpiga barua. Kibanda changu kiko ng'ambo ya ofisi ya komini, yaani halmashauri yetu, hapa Kamina: kompyuta moja, printa moja, jenereta moja yenye kikohozi. Mwezi wa tano mashine yangu ya fotokopi iliungua. Mwezi wa sita kwaya ya parokia ilinivua ukatibu, kwa kuwa niliandika kwenye ripoti kwamba sauti ya kwanza huchelewa mazoezini, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyependa kulisoma.

Mwezi wa saba nikaenda kwenye kilio cha jirani. Nilipewa nafasi ya kusema maneno mawili juu ya marehemu. Nikasema mawili juu ya marehemu na mia moja juu ya mfereji wa soko.

Mfereji huo, caniveau kama tunavyouita, umezibwa na meza za wauzaji. Mvua ikinyesha maji hukosa pa kwenda, yakaja kwetu. Mwaka jana yalichukua godoro la watoto wangu na magunia mawili ya unga ya mzee Malachie, mstaafu wa reli.

Watu walipiga makofi. Kwenye kilio! Mzee Malachie akainuka na fimbo yake.

"Huyu njo conseiller wetu!" alipaza sauti. "Candidature inafungwa siku ya mposho! Minyi nitakuwa suppléant yake!"

Hapo ndipo tulipoachana. Nilirudi nyumbani nikiwa mgombea wa udiwani wa komini, na hiyo mposho, Jumamosi ya kufunga milango, ilikuwa imebaki siku tano. Sasa endelea kunisikitikia.

Mtu wa kupiga barua akiingia siasa huanza kwa kupiga barua. Usiku haukuwa umeingia, programu yangu ya kampeni ilikuwa tayari: ukurasa mmoja, namba tatu. Nilimsomea mke wangu, Bijou, akiwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Namba moja. Meza zote zilizojengwa juu ya mfereji wa soko zitaondolewa, kuanzia ile kubwa ya mlango wa pili inayoziba kinywa cha mfereji. Namba mbili. Kila uamuzi wa komini utabandikwa mlangoni, kila mtu ausome. Namba tatu. Diwani atakaa sokoni mara moja kwa juma, watu wamtukane ana kwa ana badala ya kumtukania mgongoni."

Bijou aliacha kutwanga.

"Rudilia ya kwanza."

Nikarudia.

"Ile meza munene, uliiona?"

"Niliisoma," nilisema. "Bantu makumi tatu baliniandikisha malalamiko juu yake."

"Sikuuliza kama uliisoma. Uliiona na macho?"

Sikuwahi kuiona. Nikamwambia hivyo.

"Iko ya mama," Bijou akasema, akaendelea kutwanga.

Hapa lazima nieleze, maana kuna wasomaji waliolelewa ovyo. Kwetu kuna bukwe. Mume hakutani na mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye, hamsemeshi, hamtazami usoni. Akitokea njia hii, wewe unapita ile. Si uadui, ni heshima. Iko namna ya kuifungua, kwa mbuzi na kitambaa na wazee wa kushuhudia, lakini sisi tumekuwa tukiiahirisha tangu ndoa.

Mama Kyabu, mama mkwe wangu, huuza samaki wa Bukama na ndiye mkubwa wa akina mama wa samaki. Kwa hiyo miaka kumi na saba sijakanyaga mstari wa samaki. Naijua Kamina nzima isipokuwa mita sitini, na katika mita hizo sitini ndimo nilimoanzisha mageuzi.

Na wale watu thelathini? Wote walisema "mama mumoja wa samaki". Hakuna aliyemtaja jina. Wangewezaje kumtaja mama mkwe wa mtu mbele ya mtu mwenyewe? Walinionea haya, thelathini nzima, na kwa adabu yao wakanitia shimoni. Nyani haoni kundule, ila mimi nilisaidiwa kutoliona.

"Nifanye nini?" nilimuuliza Bijou.

"Muulize candidat," alijibu.

Siku mbili baadaye mzee Malachie alinipokea kwake, akiwa amevaa kofia yake ya reli kama mtu wa kampeni.

"Programme bantu banaipenda," alisema.

"Basi vizuri."

"Banaipenda sana. Banauliza jina tu."

"Ukabaambia?"

"Nikabaambia Muamba Ntumba."

"Na bao?"

"Banyamaza. Kisha bamoja banauliza: huyu ni wa hapa?"

Kwa msomaji wa mbali: jina langu ni la Kasai. Babu yangu alikuwa karani wa reli hapa, baba alizaliwa hapa, mimi nilizaliwa hapa. Mwaka wa tisini na mbili, nikiwa na miaka kumi na mitano, sisi wenye majina ya Kasai tulifukuzwa hapa, tukaambiwa twende kwetu. Tulilala stesheni wiki tano tukisubiri treni. Dada yangu mdogo hakuipanda hiyo treni, tulimzika kabla haijafika. Miaka ilipotulia tukarudi kimya kimya, mmoja mmoja, na baba akanipa sheria moja: fanya kazi, sali, salimia kila mtu, lakini jina lako lisionekane kwenye karatasi ya mji.

Nimemtii. Kwa miaka kumi na minne napiga majina ya wengine kwa herufi kubwa, langu sijalipiga mahali popote.

Lakini baada ya makofi yale kitu kiliniingia. Nilitaka mara moja tu jina langu libandikwe ubaoni Kamina, watu wapite, walisome, waende zao kununua chumvi. Nilitaka sana. Naona aibu kuandika jinsi nilivyotaka.

"Wewe utabaki nami?" nilimuuliza Malachie.

"Minyi nishasema mbele ya maiti," alisema. "Naweza kurudi nyuma?"

Basi. Fomu ya ugombea inataka majina mawili: mgombea, na suppléant wake, yaani mtu wa kukalia kiti hicho mgombea akifa au akipata kazi kubwa zaidi. Langu juu, la Malachie chini. Kilichobaki ni mama mkwe. Sikutaka apate habari ya meza yake ubaoni. Nilitaka aipate kwangu, na kwangu ndiko alikokatazwa kuipata.

Kwa mambo hayo kuna Ambroise, katekista, mdogo wake Mama Kyabu. Alipanga mkutano Jumamosi saa nane mchana, uani kwa mama mkwe.

Ulipangwa hivi. Mimi kwenye kiti nyuma ya pembe ya nyumba. Mama Kyabu kwenye kigoda upande wa pili wa pembe, amenipa mgongo. Ambroise amesimama penye pembe yenyewe, anatuona wote wawili, ili apokee neno huku na kulipeleka huku. Kati yangu na mama mkwe kulikuwa na hatua tatu na matofali.

"Mukwe anakusalimia," Ambroise alianza.

"Nimesikia," alisema Mama Kyabu. "Bukwe inafunga macho, haifunge masikio. Aseme."

"Mwambie mama," nilisema, "ile meza, sikujua iko yake."

"Anasema hakujua."

"Nimesikia. Muambie: muntu mwenye kutaka kuongoza soko, na hajue samaki inauziwa wapi, ataongoza nini?"

"Mama anasema…"

"Nimesikia," nilisema.

Ambroise akaomba maji ya kunywa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Badala yake nikasema jambo ambalo sikujiandaa nalo.

"Mwambie mama, namba ya kwanza naweza kuifuta."

Hivyo ndivyo mageuzi yangu yalivyodumu: siku sita, pamoja na ile ya kilio. Nilijisikia mdogo. Niliona godoro la watoto likielea, nikasema hivyo hivyo.

Kisha Mama Kyabu akacheka, kicheko kifupi kama mtu anayekohoa pilipili.

"Ambroise, muambie asifute kitu. Meza nilishaitosha, haiko tena. Leo asubuyi, na banaume bane na nyundo. Miaka kumi na kenda nilikaa juu ya ile maji, kumbe ilikuwa inaenda kulalia godoro ya bajukuu yangu. Hakuna muntu aliniambia. Bote banaona haya ya mama wa samaki."

Adabu ile ile ilikuwa imetufunga sote wawili.

"Muambie tena," aliendelea, "minyi pia niko candidat."

Ambroise hakuona haja ya kurudia.

"Programme yake iko na namba tatu," alisema, akifurahi kupata neno lake mwenyewe. "Caniveau. Maamuzi kwa mulango. Na conseiller kukaa pa soko, bantu bamutukane."

Nilizitambua.

"Nani alimpigia?" niliuliza, ingawa Kamina nzima ina printa chache na moja ni yangu.

Bijou alitokea mlango wa jikoni kwa mama yake, mikono ina unga.

"Ni minyi. Kwa machine yako. Ulikuwa pa Malachie."

"Ulimpa mama yako programu yangu?"

"Ye ni mama yangu, weye ni bwana yangu. Yake nilipiga, yako nilisahihisha. Ilikuwa na makosa kumi na moya."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wangu ndiye aliyezipiga pasi hizo nguo.

"Na wewe uko upande wa nani?"

"Hata wa muntu mumoja. Musinitie mule. Bukari inaungua," alisema, akarudi ndani kwenye ugali wake.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: mpinzani wangu alikuwa mama mkwe, katibu wake alikuwa mke wangu, na programu yangu ilikuwa imeshatekelezwa theluthi moja na mpinzani kabla sijapeleka hata fomu.

"Ambroise," Mama Kyabu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Muambie mustari ya suppléant nimeiacha wazi. Iko yake."

"Mbona mimi chini na yeye juu?" niliuliza pembe ya nyumba.

"Sababu ya jina."

Ambroise akanywa maji yake.

"Muambie bila kumuumiza," aliendelea. "Minyi nilikuwa hapa mwaka ule. Niliona bantu pa stesheni. Jina yake ikikaa juu, kuko bamoja bataamusha maneno ya zamani, na ye iko na batoto, na batoto ni ya binti yangu. Jina yangu haina maneno. Bantu batachagua mama wa samaki, caniveau itafunguka, na kazi yote atafanya ye, chini ya jina yangu. Hakuna atamugusa."

Aliyasema kwa upendo, na hicho ndicho kilichonichoma. Angenitukana ningejua pa kuweka mikono. Alikuwa ananipa mwavuli, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilitaka kusimama kwenye mvua. Sijui kama ni ushujaa au ni kichwa kigumu. Machozi yalinikaribia, na nilishukuru kwamba kulikuwa na matofali kati yetu.

Nikasikia kigoda kikikwaruza.

"Yaya!" Ambroise alimpigia dada yake kelele. "Yaya, apana!"

Nilitazama viatu vyangu. Mbele ya viatu vyangu vikaja viatu vya plastiki vya kijani, vyenye magamba ya samaki.

"Niangalie," sauti ikasema.

Niliinua macho polepole. Miaka kumi na saba nilidhani ni mwanamke mrefu. Ni mfupi, na ana macho ya Bijou.

"Ambroise anachoka," alisema Mama Kyabu. "Njibu weye mwenyewe. Ukikataa sitakasirika. Lakini niisikie kwa kinywa yako."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

"Apana, mama," nilisema.

Neno langu la kwanza kwa mama mkwe wangu lilikuwa kumkatalia. Ambroise alikaa chini, pale pale udongoni.

Mama Kyabu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepima samaki na kukuta uzito wa haki. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki.

"Saa kenda inapita," alisema. "Ofisi inafunga saa kumi. Twende."

"Pamoja?"

"Njia iko moja, Muamba. Unataka nipite juu ya mabati?"

Tukaenda, bega kwa bega. Na njia ya karibu kutoka kwake hadi ofisi ya uchaguzi hupita mstari wa samaki.

Sijui nielezeje. Mstari mzima ulinyamaza. Kisu kilisimama katikati ya samaki. Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge, kwa niaba yangu. Mwendesha baiskeli alijigonga kwenye gunia la mihogo, akaomba msamaha kwa gunia.

Kwenye mlango wa pili palikuwa na nafasi tupu, mbao zimelundikwa kando, na chini yake maji meusi yalikuwa yanatembea. Yalinuka vibaya sana. Nilisimama kuyatazama, nikafurahi kwa nafsi yote, na Mama Kyabu akafurahi pia, nikamwona.

"Inatembea," alisema.

"Inatembea, mama."

Hapo ndipo watu walipoanza kupiga kelele. Wengine walicheka. Mzee mmoja alisema hii njo mwisho ya dunia, na jirani yake akamwambia anyamaze, apige picha.

Nilipogeuka nikamwona Bijou nyuma yetu, hatua kumi, unga bado mikononi. Sikuweza kujua kama anacheka au analia.

Mzee Malachie alikuwa ananisubiri mlangoni pa ofisi, kofia ya reli kichwani. Habari zilikuwa zimetangulia. Kamina habari hazisubiri treni.

"Muamba," alisema. "Niambie banadanganya."

Mama Kyabu alikuwa amesimama kando yangu.

"Na mama mukwe! Katikati ya soko! Saa kenda, jua inawaka!"

"Mzee, tunaleta mageuzi," nilisema.

"Minyi nilikubali kubadilisha caniveau," alisema Malachie. "Sikukubali kubadilisha dunia. Toa jina yangu."

"Ulisema mbele ya maiti."

"Ile maiti angeona hii, angeniachilia."

Aliingia ndani, akachukua kalamu mezani pa karani, akalifuta jina lake kwenye fomu niliyokuwa nayo kwa mistari miwili, kwa rula, maana alikuwa mtu wa reli. Kisha akavua kofia, akamwinamia Mama Kyabu bila kumtazama, akaenda zake. Nilimpenda yule mzee. Nampenda hata sasa.

Karani, msichana mwenye miwani na subira ya mtu aliyeshinda hapo tangu asubuhi, alichukua fomu yangu, akachukua ya Mama Kyabu, akaziweka pamoja.

"Hii haina suppléant," alisema. "Na hii haina suppléant."

"Nitamutafuta," nilisema.

"Nitamutafuta," alisema Mama Kyabu.

"Dossier bila suppléant haiingie." Akatazama saa ya ukutani. "Muko na dakika kumi na mbili."

Nilitazama foleni. Wote waliokuwamo walikuwa na fomu zao wenyewe. Nilitazama mlangoni. Watu wa mstari wa samaki walikuwa wamejazana pale, na kila niliyemtazama alitazama pembeni, kwa sababu kunitazama mimi kulikuwa kumtazama na Mama Kyabu. Mama Kyabu aliita jina moja, akaita la pili. Wanawake wake mwenyewe, aliowaongoza miaka yote hiyo, waliinamisha vichwa.

"Dakika tisa," alisema karani.

Umati mlangoni ukafunguka. Bijou akapita katikati, akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuja hadi mezani, akatoa kadi yake ya uchaguzi kifuani, akaiweka mbele ya karani. Kadi moja hujaza fomu moja tu.

Alisoma fomu ya mama yake, yote, kama anatafuta makosa. Alisoma yangu. Mama Kyabu alishika pembe ya meza. Mimi sikuwa na kitu cha kushika.

"Bijou," nilisema.

"Binti yangu," alisema mama yake.

Hakumtazama hata mmoja wetu. Alinyoosha mkono kwa karani.

"Kalamu iko wapi?" aliuliza.